Shikamoo ya Kwenye Benchi

Mama yangu,

Ulikuwa ukisema barua ni nusu ya kuonana. Leo naitaka hiyo nusu, hata kama nusu nyingine tuliifukia miaka minne iliyopita. Nimekaa kwenye benchi la saruji Upanga, nyuma ya hospitali, mbele ya mlango wa buluu uliochorwa twiga. Aliyemchora hajawahi kumwona twiga. Nadhani alianza na mbuzi, kisha akamrefusha shingo. Ndani ya mlango huo yuko mjukuu wako. Yuko na dada mmoja wa ustawi wa jamii na askari wa kike aliyevaa gauni la maua badala ya sare, na leo anatakiwa awaambie wao yale aliyoniambia mimi miezi miwili iliyopita. Mimi siruhusiwi kuingia. Nimeambiwa nikae hapa na nisisogelee dirisha.

Naogopa, mama. Naogopa atasema, na naogopa hatasema. Nimechana kurasa za katikati za daftari lake la Sayansi, kalamu nimeazima kwa mlinzi wa getini, mzee mmoja mpole, ili mikono yangu ipate kazi. Na habari za mikono hii ndizo hasa ninazotaka kukuandikia.

Mtoto hapa nitamwita Zuhura. Jina lake wewe unalijua, ulimpa mwenyewe. Wengine hawana haja nalo. Maana barua hii nitaiacha wazi, waisome na wanawake wengine waliolelewa kama nilivyolelewa na wanaolea kama nilivyolea.

Unakumbuka asubuhi zetu? Tulikuwa tunatoka Magomeni kwa miguu, wewe na kapu la vifungo kichwani, mimi na mfuko wa zipu na nyuzi, mpaka Kariakoo kwenye meza yako. Safari ya nusu saa ilituchukua saa nzima kwa sababu ya salamu. Kila mtu mzima tuliyempita alikuwa na haki yake. Wewe ulisimama, ukanyamaza, ukasubiri sauti yangu. Nikichelewa, vidole vyako vilinijia nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, pale panapofichwa na mkono wa gauni. Hukunifinya kwa hasira hata siku moja. Ulinifinya huku unatabasamu na yule mtu, tena bila kunitazama. "Shikamoo haichubui mdomo," uliniambia tukishapita.

Na unamkumbuka yule muuza mkaa wa kona? Siku moja nilikataa kumwamkia. Nilikuwa na miaka kumi. Ulinifinya mpaka machozi yakanitoka na bado nikakaza mdomo, nawe ukaongeza, mpaka nikaitoa. Akaitikia marahaba akicheka, akanishika shavu, akakwambia unanilea vizuri. Ulifurahi siku nzima. Kuna jambo sikukueleza kuhusu siku ile. Nitakueleza mwisho wa barua, nikipata nguvu.

Meza yako nimeirithi, na vidole vyako nimevirithi pia. Zuhura ana miaka tisa na mtaa mzima unamjua kwa adabu. Anaamkia wazee, anaamkia wapangaji, anaamkia mpaka wagonga milango wanaouza mashuka kwa mkopo. Watu wakinisifu nilijibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikijisikia fahari kama wewe. Nyuma ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, kulikuwa na alama. Nilikuwa naziona nikimwogesha na sikuona kitu.

Sasa Fundi. Jina lake sitaliandika, lipo kwenye faili. Unamjua vizuri kuliko mimi: Fundi wa barazani kwetu, cherehani yake pembeni ya mlango mkubwa, mkewe, nitamwita Bi Hadija, uliyekuwa ukichota naye maji na kula naye futari. Fundi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza lako. Sare zote za watoto wa mtaa anashona yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea zipu na vifungo kutoka Kariakoo, na nikichoka nilimtuma Zuhura ampelekee. Nilimtuma mimi, mama. Mara nyingi.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nikamwambia Zuhura aende akapimwe sketi mpya. Akasema ya zamani inamtosha. Ilikuwa imepanda juu ya magoti, kila mtu anaona. Nikamwambia aache uvivu. Siku ya pili akasema anaumwa kichwa. Siku ya tatu nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe, na tulipofika ukumbini, kabla hata ya kutokea barazani, akajikojolea. Mtoto wa miaka tisa. Nikamrudisha chumbani, nikafunga mlango, nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza. Akaniambia maneno machache sana. Sitayaandika, ni yake, na ndiyo anayotakiwa kuyatoa leo nyuma ya huyo twiga.

Nilimwamini papo hapo. Hilo naomba unihesabie, kwa sababu yanayofuata hayana cha kunihesabia.

Kesho yake asubuhi nikampeleka kituo cha polisi. Sikujua kuna dawati la watoto, liko mlango wa nyuma, na hakuna aliyeniambia. Nikasimama kaunta. Askari akauliza kwa sauti ya kuita abiria, "Mtoto kafanywa nini?" Watu waliokuja kuripoti simu zao kuibiwa wakageuka wote. Zuhura akajifunika uso kwa mtandio wangu. Tukaambiwa tukae kwenye benchi, mgambo katumwa kumwita mtuhumiwa. Tukakaa. Tulikaa sana. Nilikuwa sijala tangu jana yake na kichwa kilikuwa kinanizunguka, nikawa naangalia sakafu tu.

Fundi akaja na mdogo wake. Amevaa kanzu safi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, tasbihi. Hakukuwa na sehemu nyingine ya kukaa. Akakaa kwenye benchi lile lile, mama, upande wa pili wa Zuhura, na akatulia, kama mtu mzima anavyotulia akisubiri haki yake.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nakuapia sikuwaza. Ungeniuliza wakati ule nimekaa na nani nisingekujibu sawasawa. Nilichoona ni mtu mzima kakaa na mtoto wangu kanyamaza. Vidole vikaenda nyuma ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, vikafinya.

Zuhura akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Kisha akageuza uso upande wa pili na kusema, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mdogo wake Fundi akasimama hapo hapo. Akamwambia askari, na sote tuliokuwepo, kwamba tumeona wenyewe: mtoto kamwamkia mzee wake vizuri, bila woga, mtoto aliyefanyiwa ubaya angefanya hivyo? Askari akaandika kitu. Nikaanza kupiga kelele kwamba mimi ndiye niliyemfinya, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyoonekana mwendawazimu. Walipomgeukia Zuhura na kumuuliza, hakufungua mdomo. Hakuufungua siku ile wala ya pili. Kwa wiki mbili nyumbani alinijibu kwa kichwa tu. Fundi akapata dhamana, akarudi barazani, na sisi tukawa tunasikia cherehani kupitia ukutani tangu asubuhi.

Hapo ndipo nilipoijua hofu, mama. Siyo ya Fundi tu. Niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Nikimvalisha mtoto nguo nilijiangalia vidole vinapita wapi.

Aliyetuokoa ni huyu dada wa ustawi, nitamwita Neema. Sijui faili lilimfikiaje. Alinifuata Kariakoo mezani, akajifanya anachagua vifungo mpaka wateja wakaondoka. Mdogo mdogo, kandambili, nikadhani mwanafunzi wa chuo. Akaniambia mtoto hatarudi tena kwenye lile benchi. Akaniambia mahojiano yatafanyika Upanga, mahali penye geti lake pekee, siku ambayo mtuhumiwa hawezi kuwepo. Kwamba Zuhura ataulizwa mara moja tu, na itarekodiwa, asije akarudiarudia kwa kila mwenye meza. Pia akasema tuhame kwanza. Tumehamia Ilala kwa shoga yangu, tunalala wanne chumba kimoja na sijawahi kulala vizuri hivi.

Siku ya kwanza tulipoingia humu, Zuhura alifanya kama alivyofundishwa. Aliinamisha kichwa, akaanza, "Shika..." Neema akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Humu ndani hakuna shikamoo ya lazima. Ukitaka kunisalimia, nisalimie. Hutaki, acha. Hakuna atakayekasirika."

Zuhura hakumtazama Neema. Alinitazama mimi, na kabla hajanitazama uso aliutazama mkono.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilijiuliza sasa huyu anataka mwanangu awe mtoto wa namna gani. Na nikazidi kukasirika walipopoteza siku mbili nzima bila kumuuliza lolote. Wanachora tu, wanavalisha midoli ya kitenge, wanakula mihogo. Nikamwambia Neema mimi nimefunga meza, sijaja hapa kuchora. Akanijibu kwa upole kwamba mtoto amefundishwa kutii kila mtu mzima, na huyo Fundi alijua hilo. Sasa inabidi ajifunze kwanza kwamba anaweza kumkatalia mtu mzima na dunia isianguke. Akishaweza kukataa, ndipo atakachokisema kitakuwa chake.

Siku ya tatu Zuhura akatoka na karatasi, akanionyesha mwenyewe. Alikuwa amechora watu wa nyumba yetu katika makundi mawili: anaopenda kuwasalimia na asiopenda. Upande wa kwanza ulikuwepo wewe, mama, na kanga yako ya njano, ingawa umekufa. Upande wa pili alikuwepo Fundi na cherehani. Pembeni ya Fundi nilikuwepo mimi.

Nikamuuliza kwa nini nimekaa huku.

"Kwa sababu ulinifinya."

Wewe hukuwahi kuniomba radhi, mama, na sikulaumu. Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto, asije akamzoea. Lakini jioni ile, nikimsuka, nikamwomba. Nilisubiri nikae nyuma yake asinione uso. Nikamwambia nilikosea pale kituoni, kwamba mkono ule haukuwa na haki ile, na kwamba sitamfinya tena hata mbele ya rais. Akaniacha nimalize mstari mzima wa nywele. Kisha akasema, "Sawa." Basi. Na kesho yake hakuichora picha upya.

Sasa ni saa nzima kasoro kidogo wako ndani. Nimesikia kiti kikivutwa, nimesikia maji yakimiminwa. Sijasikia sauti yake. Neema aliniambia watoto wanaficha mbele ya mama zao, siyo kwa woga bali kwa huruma: nikilia, yeye atanyamaza. Kwa hiyo nalia huku nje, kimya kimya, na twiga ananiangalia.

Kuna mtu anaingia getini. Mama, ni Bi Hadija.

*

Naendelea siku ya pili. Niko Kariakoo mezani kwako, ni adhuhuri, wachukuzi wanapita na mikokoteni wakipiga miluzi, na Zuhura yuko nyuma yangu amekaa kwenye kiroba, anatenganisha vifungo vya lulu na vya shati. Jana kalamu ilinianguka.

Bi Hadija alikuja akakaa kando yangu kwenye benchi. Sijui nani alimwambia siku wala mahali, na hilo limenitia hofu ambayo sijaimaliza. Neema amesema atalifuatilia na mara ijayo siku ataijua yeye peke yake. Bi Hadija amekonda. Alinishika goti kama alivyokuwa akikushika wewe. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza. Kwamba mume wake ni mgonjwa wa presha. Kwamba wazee wako tayari kukaa kikao, na Fundi ataniangukia mbele yao. Kwamba jina la binti likishatoka mdomoni mwa watu halirudi. "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Mama yako angekuwepo, haya yangeishia uani."

Mama, hapo ndipo nilipoogopa kuliko popote. Niliogopa zaidi ya kituoni. Kwa sababu nilijiuliza kama ni kweli, na sikujua. Nilikuona kabisa uani kwetu, umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, unasema basi yaishe, tusiaibishane. Nilitaka sana kukuona ukisema lingine na nilishindwa. Nikafikiri, je, nimempeleka Fundi polisi kinyume na matakwa ya mama yangu mwenyewe?

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa.

Zuhura akatoka kwanza, Neema nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatembea vizuri. Akamwona Bi Hadija. Na Bi Hadija, mama, akanyoosha mgongo. Akakunja mikono mapajani, akainua uso kidogo, akasubiri. Sote wanne tulijua anasubiri nini. Akipewa tu, ataondoka nayo mpaka Magomeni, kama shemeji yake alivyoondoka na ile ya kituoni.

Zuhura akasimama. Akanitazama mkono.

Ulikuwa umeshaanza kwenda. Huwezi kuamini, baada ya yote yale. Ulikuwa umeshainuka kutoka mapajani, vidole vimeshakaribiana. Nikaurudisha chini nikaukalia. Nikaukalia kwa uzito wangu wote, na mimi siyo mwembamba, unajua. Ukawa unaniuma kwenye saruji na nikauacha uume.

Zuhura akampita Bi Hadija bila neno. Hakumnunia wala hakumgeuzia uso. Alimpita tu. Akaja akaushika mkono wangu mwingine.

"Nimemaliza, mama. Twende."

Bi Hadija akatoa sauti ndogo na kusema Mungu anatuona. Nikamwambia ndiyo, anatuona. Ndilo jibu pekee nililompa, na nilitetemeka nikilitoa.

Tulipofika getini mlinzi alikuwa kwenye kigoda chake anasikiliza redio. Mimi nilikuwa nahangaika kumrudishia kalamu. Hakuna aliyemgusa Zuhura, hakuna aliyemtazama. Akasema mwenyewe, kwa sauti ya kutosha barabara nzima, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia, akamuuliza kama hajambo, akasema hajambo. Kwenye bajaji akalala kifuani kwangu mpaka Ilala.

Mambo hayajaisha. Kuna mahakama, na Neema anasema itakuwa ya faragha na mtoto hatamwona Fundi, lakini pia anasema inaweza kuchukua muda na wanaweza kutushinda. Fundi bado anashona. Wateja wangu wawili wa Magomeni wamehamia meza nyingine. Kila mtu mzima anayesimama hapa mezani muda mrefu moyo unanipiga. Naogopa asubuhi, naogopa adhuhuri hii. Sikuandikii kukudanganya kwamba hofu imeondoka.

Sasa lile la muuza mkaa. Wewe uliponifinya pale kona, nilikuwa na sababu ya kutomwamkia. Wiki moja kabla ulinituma peke yangu kwake, na akanifungia mlango wa ghala. Nilimng'ata nikakimbia, hakupata alichotaka, lakini nilikimbia kuja kwako na nilipofika sikujua niseme nini. Nilidhani kunyamaza mbele yake kungekuambia. Ilikuwa ndiyo lugha yangu yote, mama. Ukaifinya.

Hukujua. Najua hukujua, kama mimi nilivyokuwa sijui chochote nikimtuma Zuhura na zipu. Ningekuwa na mtu mmoja wa kuchuchumaa macho yetu yakawa sawa, labda ningekuambia ukiwa hai, na labda jana ningemjibu Bi Hadija bila kutetemeka. Lakini nimewaza tangu jana juu ya kanga yako ya njano kwenye ile karatasi. Mtoto alikuweka upande wa wale anaopenda kuwasalimia, na yeye sasa anachagua mwenyewe. Kwa hiyo nami nachagua kuamini kwamba ungekaa na mimi kwenye lile benchi.

Radhi hukuniomba, na huwezi tena. Nakujibu hivyo hivyo, kabla hujaomba.

Sawa, mama.

Mwanao, uliyemfinya na uliyempenda,
mama yake Zuhura